Kashfa ya Profumo: utazame filamu ya 1989 au tamthilia ya 2019?

Waingereza hawajawahi kuishiwa mawaziri walioponzwa na mapenzi, lakini kashfa ya John Profumo ya mwaka 1963 ndiyo kipimo cha nyingine zote. Kwenye skrini imesimuliwa vizuri mara mbili. Ya kwanza ni filamu ya Scandal iliyotoka 1989, inakaribia saa mbili. Ya pili ni tamthilia ya BBC, The Trial of Christine Keeler, vipindi sita vya kama saa moja moja, iliyoanza kurushwa tarehe 29 Desemba 2019. Watu ni walewale, bwawa la kuogelea ni lilelile, risasi ni zilezile. Aliyebadilika ni steringi. Kwenye filamu steringi ni Stephen Ward, mwanamume wa makamo aliyewakutanisha wote. Kwenye tamthilia ni Christine Keeler, binti aliyekuwa na miaka 19 mambo yalipoanza. Ukishalijua hilo umepata nusu ya unachohitaji ili uchague.

Nusu ya pili inataka ukijue kisa kwanza. Zote mbili zilitengenezwa kwa watazamaji waliokulia kwenye simulizi hizi, na hakuna anayehangaika kukueleza nani ni nani. Ukiingia mikono mitupu utatumia robo saa ya mwanzo kuuliza huyu mzee naye katokea wapi.

Kisa chenyewe

Jumamosi jioni, tarehe 8 Julai 1961, kwenye jumba la Cliveden, mali ya Lord Astor, wageni walitoka kula wakatembea hadi bwawani. Mmoja wao alikuwa Profumo, Waziri wa Vita, miaka 46, mume wa mwigizaji maarufu Valerie Hobson. Bwawani walimkuta Christine Keeler akiogelea uchi. Keeler alikuja na Ward, mtabibu wa mifupa na viungo ambaye nusu ya wakubwa wa London walimlalia kitandani awanyooshe migongo, na ambaye Astor alimpangisha kijumba ndani ya eneo lake, kando ya mto Thames. Kesho yake akafika rafiki mwingine wa Ward, Yevgeny Ivanov, mwambata wa jeshi la majini katika ubalozi wa Kisovieti. Muda si mrefu Profumo akawa anachepuka na Keeler, na baadaye Keeler akasema alilala na Ivanov pia. Waziri wa jeshi na ofisa wa Kirusi wamekutana kwa mwanamke mmoja, na Vita Baridi iko kwenye kilele.

Uhusiano wenyewe haukudumu, na pengine ungesahaulika. Kilichoufumua ni tarehe 14 Desemba 1962, pale Johnny Edgecombe, kijana kutoka Antigua aliyekuwa mpenzi wa Keeler, alipokwenda nyumbani kwa Ward mtaa wa Wimpole Mews, akakataliwa kufunguliwa, akaumiminia mlango risasi. Polisi wakaja, waandishi wakaja nyuma yao, Keeler akaanza kuongea. Tarehe 22 Machi 1963 Profumo akasimama Bungeni akasema hakukuwa na jambo lolote lisilofaa kati yake na Miss Keeler. Tarehe 5 Juni akajiuzulu, akikiri kuwa alilidanganya Bunge. Siku tatu baadaye Ward akakamatwa na kushtakiwa kuwa anaishi kwa kipato cha ukahaba, kwa maneno ya mtaani, kuwadi. Usiku wa kuamkia hukumu alimeza vidonge. Baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani tarehe 31 Julai akiwa hospitali hajitambui, na tarehe 3 Agosti akafariki.

Keeler naye alifungwa mwezi Desemba mwaka huohuo, miezi 9, kwa kutoa ushahidi wa uongo katika kesi nyingine kabisa. Hapo ndipo filamu na tamthilia zinapoachana njia, na nitaifikia.

Filamu: njoo umtazame John Hurt

Scandal ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Michael Caton-Jones kuongoza, na huwezi kuamini. Mwanzoni ilikusudiwa iwe tamthilia ya televisheni, ikakosa mlango, mswada ukapunguzwa hadi ukatosha sinema. Alama za kisu zinaonekana: mambo yanakwenda mbio. Keeler, aliyeigizwa na Joanne Whalley-Kilmer, hajamaliza kushangaa taa za Murray's, ile klabu ya Soho ambako wasichana walisimama jukwaani vifua wazi, tayari yuko kwa Ward, tayari yuko Cliveden, tayari waziri anamkimbiza kando ya maji. Ukipiga miayo au ukiangalia simu umepitwa.

Lakini John Hurt! Alikuwa na miaka 48 hivi walipokuwa wakipiga picha, umri uleule wa Ward mwaka 1961, na uso wake ule wa makunyanzi na sauti ya kukwaruza vinafanya kazi ambayo maneno ya mswada hayakuweza. Ward wake si kuwadi wala si malaika. Ni mtu anayelewa kwa kujuana na wakubwa. Furaha yake si kulala na Christine, ambaye anaishi naye nyumba moja bila kumgusa, bali ni ile dakika anapomtambulisha kwa mtu mwenye cheo na kuona macho ya yule mtu yakibadilika. Anamlea, anamfundisha kutembea na kuongea, anamwonyesha mji. Halafu kesi inafika, na wale wote aliowanyoosha migongo wanakuwa hawamjui. Hili si la kubuni. Kati ya marafiki zake wenye vyeo hakuna aliyepanda kizimbani kumtetea. Hurt anakaa pale mahakamani Old Bailey akisikiliza maisha yake yakisomwa kama jalada la uhalifu, na uso unaporomoka polepole mbele yako. Kwa dakika hizo tu filamu inastahili muda wako.

Mwendesha mashtaka, Mervyn Griffith-Jones, ndiye yuleyule aliyewauliza wazee wa baraza mwaka 1960, katika kesi ya riwaya ya D. H. Lawrence iliyodaiwa kuwa ni ya matusi, kama wangependa wake zao au watumishi wao wakisome kitabu kile. Ukijua hilo utaielewa zaidi hasira yake dhidi ya Ward.

Bridget Fonda anaigiza Mandy Rice-Davies, rafiki wa Christine, na kila anapotokea anaiba onyesho. Mandy halisi ndiye aliyeambiwa mahakamani kwamba Lord Astor amekana kuwa na uhusiano naye, akajibu kwa namna ya kusema: si lazima akane, angesema nini kingine? Ukumbi ukacheka, na jibu hilo likamzidi umri. Fonda analisema kana kwamba limemtoka sasa hivi.

Kuna onyesho moja la wale wasichana wawili wakijiandaa kutoka usiku. Soksi ndefu zinapandishwa gotini, wanja unachorwa, midomo inapakwa rangi, nywele zinapulizwa, huku gitaa la The Shadows likipiga Apache. Hakuna anayeongea. Ni dakika chache za furaha tupu ya kuwa na umri huo na kuwa na mji mzima mbele yako, na inakufanya uelewe kwa nini hawakurudi kwao.

Tatizo ni kwamba filamu inalifurahia jicho lile mno. Kamera inawatazama wasichana vilevile walivyotazamwa na wanaume wa 1961. Karamu za uchi, mhudumu aliyefunika uso, Britt Ekland akiwa mwenye nyumba: unaambiwa ukubwa huu umeoza, lakini unaambiwa kwa kurembewa. Marekani filamu ilipewa daraja la X kwanza, ikabidi vipande vikatwe ili iingie kumbi za kawaida. Na Christine, ambaye ndiye aliyebeba mzigo, anabaki kuwa sura nzuri inayosukumwa huku na kule. Whalley-Kilmer anajitahidi, ila mswada haumpi la kusema.

Ian McKellen kama Profumo ananichanganya. Mwigizaji mkubwa, lakini hapa ni mkavu kiasi kwamba huelewi binti huyu kavutwa na nini, wala yeye mwenyewe kahatarisha cheo kwa lipi. Labda ndivyo ilivyokuwa. Kwenye skrini haijitoshelezi.

Tamthilia: saa sita upande wa aliyeshtakiwa

Tamthilia ya 2019 imeandikwa na Amanda Coe na kuongozwa na Andrea Harkin na Leanne Welham, wanawake watatu, na tofauti unaiona mapema. Inaanzia mlangoni Wimpole Mews, Edgecombe akiwa na bastola nje, Christine akiwa ndani. Bwawa linakuja baadaye, kama kumbukumbu. Yaani badala ya kuanza na binti anayetazamwa, unaanza na binti anayeogopa. Kutoka hapo hadithi inarudi nyuma, inakwenda mbele, inarudi tena, na itabidi uwe makini na miaka inayoandikwa kwenye skrini. Si ya kutazama huku unapika.

Sophie Cookson ni Christine asiyependeza wakati wote, na hiyo ndiyo sifa yake. Anadanganya, anakurupuka, anachagua wanaume vibaya, anauza habari zake kwa magazeti ya udaku kisha anashangaa yalivyozigeuza. Keeler halisi alikulia Wraysbury ndani ya mabehewa ya treni yaliyogeuzwa nyumba, na akiwa na miaka 17 alizaa mtoto aliyekufa baada ya siku sita. Tamthilia imeandikwa na mtu aliyeyabeba hayo kichwani. Inapofika Cliveden unaona binti ambaye kila nyumba anayoingia ni ya mtu mwingine, na anayejua kuwa atakaribishwa mradi tu hajazeeka.

Polisi ndiko tamthilia inakoishinda filamu waziwazi. Filamu inawapitia, tamthilia inakaa nao. Wanamtaka Ward kwanza, kosa watalitafuta baadaye, na mashahidi wanahojiwa mara kwa mara hadi maelezo yao yakae sawa na kesi. Mandy halisi alizuiwa rumande kwa kosa dogo la leseni bandia ya udereva hadi alipokubali kusema. Unapoliona hilo likifanyika taratibu, mtu mmoja mmoja, chumba hadi chumba, unaelewa kesi ya Ward kuliko hotuba yoyote ya wakili ingekueleza.

Na kuna Valerie Hobson. Kwenye filamu mke wa waziri ni pambo. Hapa Emilia Fox anampa maisha: mwanamke aliyeacha uigizaji, aliyeolewa na mwanasiasa anayepanda, anayegundua kuwa kazi yake ya mwisho jukwaani ni kusimama pembeni ya mumewe akitabasamu mbele ya kamera. Ben Miles kama Profumo naye ana joto ambalo McKellen hana. Unamwona mtu aliyezoea kupendwa, anayeamini tabasamu litamtoa. Maonyesho ya hao wawili nyumbani, mlango umefungwa, sauti za chini, ni bora kuliko yote ya bungeni. Hobson halisi hakumwacha mumewe hadi yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1998.

Sasa kasoro zake. James Norton alikuwa na miaka 34 alipotoka kama Ward, na uhusiano mzima na Christine unabadilika. Kwa Hurt unaona baba wa kambo wa ajabu, kidogo unamwonea huruma, kidogo unataka kumwondoa binti pale. Kwa Norton unaona kijana mtanashati na rafiki yake wa kike, na unajiuliza tatizo liko wapi. Ni mwigizaji mzuri kwenye suti isiyo yake. Halafu saa sita ni nyingi. Katikati hadithi inazunguka palepale, na mara mojamoja watu wa 1963 wanaongea kana kwamba wamesoma makala za 2019. Mandy wa Ellie Bamber ana ulimi, ila si wa Fonda.

Wale vijana wawili weusi

Kwa mtazamaji wa huku kwetu, naona hapa ndipo pa kuamulia.

Kashfa hii ya mabwana wa Kizungu ilifumuliwa na ugomvi wa wanaume wawili kutoka Karibi. Edgecombe wa Antigua na Aloysius Gordon wa Jamaika, aliyejulikana kama Lucky, walikuwa wakimgombea Keeler. Oktoba 1962 Edgecombe alimchana Gordon uso kwenye klabu ya Flamingo, Soho. Ilikuwa London ya miaka minne baada ya ghasia za ubaguzi wa rangi za Notting Hill, mji ambao binti wa Kizungu kuonekana na mtu mweusi ilikuwa habari tosha. Waziri kulala na kimada magazeti yalijua kuvumilia. Kimada huyohuyo kuwa na wapenzi weusi ndilo lililofanya wino uchemke.

Filamu inamleta Edgecombe kwa sura ya Roland Gift, mwimbaji wa Fine Young Cannibals, na kumpa mvuto, basi. Gordon yeye ni tishio linalotokea gizani. Tamthilia inawapa wote wawili, Nathan Stewart-Jarrett na Anthony Welsh, nafasi ya kuwa watu. Haimsafishi Gordon; kwa maelezo ya Keeler mwenyewe alimwandama na kumtesa. Lakini inaonyesha pia kilichotokea mahakamani. Aprili 1963 Keeler alipigwa na mtu mwingine, akamtaja Gordon, na akakana kwamba palikuwa na wanaume wawili walioshuhudia. Gordon akahukumiwa miaka 3 mwezi Juni. Tarehe 30 Julai Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo, bila kusema wazi kwamba Keeler alidanganya. Hiyo ni siku ambayo kesi ya Ward, iliyosimama juu ya ushahidi wa Keeler huyohuyo, ilikuwa inafikia ukingoni. Serikali ilimhitaji shahidi wake akiwa msafi siku moja zaidi. Ward alipokwisha kufa, wakamgeukia yeye.

Hiyo ndiyo kesi iliyomfunga Christine, na ndiyo inayoipa tamthilia jina lake. Filamu inashusha pazia pamoja na Ward, kwa hiyo ukiitazama peke yake utaondoka ukidhani yeye ndiye pekee aliyelipa. Kwa hesabu hiyo Edgecombe, aliyefutiwa mashtaka ya kumchana Gordon na ya kukusudia kuua lakini akafungwa miaka 7 kwa kumiliki bunduki, naye anapotea njiani.

Siasa, kwa wanaozitaka

Hakuna kati ya hizi mbili itakayokueleza serikali ya Harold Macmillan ilivyokuwa, ingawa tamthilia inajaribu. Ile hotuba ya uongo ya Machi 22 ilitungwa usiku wa manane, mawaziri na wanasheria wa serikali wakimhoji Profumo aliyekuwa ameamshwa usingizini baada ya mbunge wa Labour, George Wigg, kuliibua suala Bungeni. Mmoja wa waliokaa naye usiku ule ni Iain Macleod. Wazee wetu walimfahamu: akiwa Waziri wa Makoloni ndiye aliyeongoza mazungumzo ya Lancaster House ya 1960 kuhusu Kenya, na akaja Dar es Salaam Machi 1961 kwa mkutano wa katiba uliofungua njia ya uhuru wa Tanganyika. Profumo mwenyewe aliwahi kuwa naibu katika wizara hiyohiyo mwaka 1957 na 1958, Kenya ikiwa bado kwenye hali ya hatari. Ukitaka kuipima kalenda: Kenya ilipata Madaraka tarehe 1 Juni 1963, na siku nne baadaye waziri akajiuzulu. Macmillan aliondoka Oktoba kwa sababu ya ugonjwa, hivyo bendera ya Uingereza ilipoteremshwa Nairobi mwezi Desemba waziri mkuu alikuwa mwingine, Alec Douglas-Home. Mwaka uliofuata Wahafidhina, chama chao, wakapoteza uchaguzi.

Hayo yote hayamo kwenye Scandal. Yenyewe inaamini kuwa siasa ni watu wanaokunywa pamoja, na nikiwa mkweli, kwa kisa hiki haiko mbali sana.

Kuna jambo la muda wa kutengenezwa ambalo linaeleza mengi. Mwaka 1989 karibu wote walikuwa hai. Profumo alikuwa amejificha kwenye kazi ya kujitolea Toynbee Hall, mashariki mwa London, akitunzwa heshima yake, na hakuwahi kuisemea kashfa hadharani hadi anafariki mwaka 2006. Kwa hiyo filamu inamgusa kwa kidole kimoja, na inammiminia Ward kila kitu, maana Ward hawezi kwenda mahakamani. Tamthilia ilikuja Mandy akiwa amefariki 2014 na Christine 2017. Waandishi walikuwa huru, na unaona mkono wao umelegea.

Ukitaka kucheka badala yake

Nitapita haraka kwenye ya tatu, kwa sababu wengi huambiwa waanzie hiyo. A Very English Scandal ya 2018, vipindi vitatu tu, imeongozwa na Stephen Frears na kuandikwa na Russell T Davies. Kashfa ni nyingine: Jeremy Thorpe, aliyewahi kuwa kiongozi wa chama cha Liberal, aliyefikishwa Old Bailey mwaka 1979 akituhumiwa kula njama ya kumuua Norman Scott, kijana aliyesema walikuwa wapenzi zamani mapenzi ya wanaume yalipokuwa jinai Uingereza. Aliyetumwa kuua alimpiga risasi mbwa, bastola ikagoma. Thorpe aliachiwa huru, ila alikuwa ameshapoteza ubunge. Hugh Grant hajawahi kuwa mzuri kama hapo, na Ben Whishaw alizoa tuzo kwa haki. Thorpe huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa Liberal walipoipinga sheria ya 1968 iliyowafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Kiingereza. Mtu wa kanuni hadharani, chumbani mambo mengine.

Ni ya kuchekesha kuliko hizi mbili na inakwisha jioni moja. Lakini ni kisa cha uoga wa mtu mmoja. Cha Profumo ni cha tabaka zima lililofunga milango.

Basi, ipi?

Ukiwa na jioni moja tu, tazama filamu. Ukipenda uigizaji kuliko historia, tazama filamu. Ukitaka kujua nani alifanya nini na nani alilipa, tazama tamthilia, na uvumilie vipindi vya katikati. Mimi nikilazimishwa kubaki na moja nabaki na tamthilia, kwa sababu ya Gordon, ya polisi na ya ule mlango uliofungwa wa akina Profumo, ingawa hakuna hata kipindi kimoja ndani yake chenye uzito wa Hurt akiwa kizimbani.

Ukiwa na muda wa zote, anza na tamthilia. Itakupa majina na mpangilio, kisha filamu itakwenda mbio bila kukuacha. Ukianza na filamu, Norton atakuudhi saa zote sita.

Usitegemee mojawapo iende kibanda umiza. Ukitoa risasi za mlangoni na ngumi mbili tatu, ni watu wanaozungumza vyumbani kwa Kiingereza cha kujibana pua. Washa maandishi ya chini, hasa kwenye maonyesho ya mahakama. Na usiiwashe Scandal sebuleni wakwe wakiwa wamekuja. Tamthilia imejistahi zaidi, ila nayo ina vitanda vyake. Kwa filamu, angalia unapata toleo gani: lililopunguzwa kwa ajili ya Marekani ni fupi kuliko la Uingereza, na kama unaona karamu ile inakatika ghafla, hilo ndilo ulilonalo. Hakuna cha maana kilichopotea. Kesi imeachwa nzima.